Ufichuzi katika uhakiki wa michezo ya video: Mhakiki aseme nini na anyamazie nini?

UHAKIKI wa mchezo wa video una wajibu mmoja mkuu, nao ni kumsaidia msomaji kuamua iwapo mchezo huo unastahili fedha na muda wake. Ili autimize wajibu huo, sharti mhakiki aeleze yaliyomo. Hata hivyo, katika kueleza huko anaweza kumpokonya msomaji kile alichokuwa akienda kukinunua, yaani raha ya kuvumbua mambo mwenyewe. Kosa hilo ndilo linaloitwa ufichuzi. Ni kumtobolea msomaji, bila ridhaa yake, siri ambayo mtunzi alikusudia mchezaji aigundue kwa juhudi zake.

Suala hili haliwahusu wakazi wa miji mikuu pekee. Nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka wa 2009, na tangu hapo intaneti ya kasi imeendelea kusambaa hadi ukanda wa Ziwa Victoria. Leo hii, katika miji ya Migori, Awendo, Rongo, Oyugis, Homa Bay na Mbita, kijana anaweza kucheza kwenye rununu, kwenye tarakilishi au katika kibanda cha PlayStation ambako hulipia kila pambano. Kwa mtu wa mfuko mdogo, uhakiki ni mshauri wa matumizi. Mhakiki akimwaga siri zote, msomaji hununua kitu kilichokwisha kuliwa utamu. Akificha kila jambo, msomaji hununua mbuzi ndani ya gunia. Makosa yote mawili humgharimu mtu yule yule.

Chimbuko la dhana

Wahadhiri na walimu wa fasihi ya Kiswahili wana istilahi iliyozoeleka ya taharuki, yaani ile hali ya msomaji kutaka kujua litakalofuata. Ufichuzi huiua taharuki kabla haijazaliwa. Waswahili nao wana onyo la siku nyingi kwamba mtama haumwagwi penye kuku wengi.

Katika lugha ya Kiingereza, neno spoiler lilipata umaarufu kwa maana hii mwaka wa 1971, mwandishi Doug Kenney alipochapisha katika jarida la vichekesho la National Lampoon orodha ya miisho ya filamu na vitabu mashuhuri. Alidai kwa mzaha kwamba anawaokolea wasomaji muda na fedha. Dhana yenyewe, hata hivyo, ilitangulia neno. Tamthilia ya Agatha Christie iitwayo The Mousetrap imekuwa ikiigizwa London tangu mwaka wa 1952, na desturi yake ni kuwaomba watazamaji wasiwaambie wengine muuaji ni nani. Mwaka wa 1960, Alfred Hitchcock alipotoa filamu ya Psycho, alisisitiza kwamba mtazamaji yeyote asiruhusiwe kuingia ukumbini baada ya filamu kuanza.

Mchezo si kitabu wala filamu

Mtazamaji wa filamu hupokea tukio. Mchezaji hulitenda. Yeye ndiye anayefungua mlango, anayemwamini au kumshuku mhusika, anayechagua njia ya kushoto badala ya kulia. Kwa sababu hiyo, siri za mchezo wa video ni nyingi kuliko za riwaya, na zinaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni siri za hadithi: nani anakufa, nani ni msaliti, safari inaishia wapi. Kundi la pili ni siri za mafumbo: jibu la kitendawili, mahali pa ufunguo, udhaifu wa adui. Kundi la tatu ni siri za umbo, pale mchezo unapobadilika ghafla na kudai mbinu ambayo mchezaji hakuitarajia.

Wahakiki wengi huchunga kundi la kwanza na kuyasahau mengine. Ngano ya Luanda Magere, shujaa wa Waluo wa nyanda za Kano katika Kaunti ya Kisumu, inaonyesha ubaya wa usahaulifu huo. Masimulizi yanasema kwamba silaha za maadui hazikumdhuru hadi walipoijua siri ya mwili wake. Lau ngano hiyo ingetungiwa mchezo wa video, kuijua siri hiyo ndiko kungekuwa mchezo wenyewe. Mhakiki ambaye angeitaja, hata bila kusema shujaa aliishia wapi, angekuwa amelipigana pambano kwa niaba ya msomaji.

Mfano halisi ni Outer Wilds, mchezo uliotolewa mwaka wa 2019, ambamo mchezaji huchunguza sayari kadhaa. Hakuna silaha anazokusanya wala nguvu anazoongezewa. Kinachomsogeza mbele ni maarifa tu. Aliyekwisha kuambiwa majibu hawezi kuucheza kwa mara ya kwanza tena.

Kwa upande mwingine, ipo michezo isiyo na cha kufichuliwa. Ajua, mchezo wa bao wa Waluo, hauna muuaji wa kutajwa. Vivyo hivyo michezo ya kandanda ya EA Sports, iliyojulikana kwa jina la FIFA hadi kampuni hiyo ilipoanza kutumia jina la FC mwaka wa 2023. Ladha yake imo katika ushindani, na kila pambano lina mwisho wake. Hapa mhakiki anaweza kueleza kila kitu bila wasiwasi, na msomaji atamshukuru kwa maelezo marefu.

Funzo la Simbi Nyaima

Karibu na Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, lipo ziwa dogo la maji ya magadi lililomo ndani ya kreta ya volkano. Huitwa Simbi Nyaima, jina ambalo hutafsiriwa kuwa kijiji kilichozama. Ngano yake inasimulia juu ya bikizee mgeni aliyefika kijijini usiku wa sherehe na kukataliwa na wenyeji, isipokuwa mwanamke mmoja aliyempokea. Baadaye kijiji kikagharikishwa.

Jina lenyewe ni ufichuzi. Anayelitaja ziwa hilo ameutaja mwisho wa hadithi, na bado hadithi imeendelea kusimuliwa kizazi baada ya kizazi. Watoto waliokuwa wakiketi katika siwindhe, nyumba ya bibi ambamo ngano za Waluo zilisimuliwa nyakati za usiku, waliziomba tena ngano walizokwisha kuzisikia. Hawakutaka kujua kama kijiji kitazama. Walitaka kusikia jinsi mlango mmoja baada ya mwingine ulivyofungwa, na jinsi mmoja ulivyofunguliwa.

Funzo kwa mhakiki ni kwamba kujua mwisho na kuharibiwa hadithi ni mambo mawili tofauti. Baadhi ya kazi hujengwa juu ya swali la nini kitatokea. Nyingine, kama ngano ya Simbi, husimama juu ya swali la kwa nini na kwa namna gani. Kazi ya kwanza ya mhakiki ni kutambua mchezo alio nao umejengwa juu ya swali lipi, kisha alilinde swali hilo.

Utafiti unasemaje?

Mwaka wa 2011, watafiti Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyotumia hadithi fupi 12 za waandishi kama vile Agatha Christie, Roald Dahl na Anton Chekhov. Kwa wastani, wasomaji waliodokezewa mwisho walizifurahia hadithi hizo zaidi kuliko wale ambao hawakudokezewa. Matokeo hayo yalitangazwa kote duniani, na wapo walioyachukua kuwa leseni ya kufichua.

Hata hivyo, mwaka wa 2015 Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum walichapisha utafiti uliopata kinyume chake kwa jumla, yaani ufichuzi ulipunguza raha ya wasomaji. Isitoshe, tafiti zote mbili zilihusu hadithi fupi za kusomwa. Hadithi fupi humalizika kwa kikao kimoja, ilhali mchezo wa video unaweza kudai saa 40 na uamuzi wa mchezaji katika kila hatua. Si busara kuhamisha hukumu ya kazi moja hadi kwa nyingine. Msingi thabiti zaidi ni ridhaa: anayetaka kudokezewa adokezwe, na asiyetaka aachwe.

Yanayopaswa kusemwa

Mhakiki makini hafichi kila kitu. Yapo mambo ambayo msomaji ana haki ya kuyajua kabla ya kulipa: aina ya mchezo, mashine unayohitaji, ukubwa wa data ya kupakua, kama unachezeka bila intaneti, urefu wake, lugha zake, ugumu wake, na kama una mitego ya kumtoza mchezaji fedha zaidi baada ya kuununua. Kwa msomaji anayenunua data kwa vipimo, ukubwa wa faili unaweza kuwa habari muhimu kuliko sifa zote za picha na muziki.

Kuhusu hadithi, kanuni inayofaa ni kueleza hali ya mwanzo na kuishia pale uamuzi wa kwanza mzito wa mchezaji unapoanza. Mathalani, mchezo wa Nairobi X, uliotengenezwa na Mkenya Andrew Kaggia na kutolewa mwaka wa 2015, unaweza kuelezwa kuwa ni wa kupambana na viumbe kutoka anga za mbali walioivamia Nairobi. Huo ni mwaliko, na mtunzi mwenyewe ameuweka mlangoni. Ya ndani ni ya mchezaji.

Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba mtunzi mmoja ametengeneza mchezo juu ya ngano ya Simbi. Mhakiki mzembe angeandika hivi: “Usihangaike na nyumba za mbele. Mpeleke bikizee kwa mwanamke wa boma la mwisho, kisha toka naye kabla ya wimbo wa tatu, nawe utaokoka.” Sentensi hizo mbili zimemaliza mchezo.

Mhakiki stadi angeandika: “Mchezaji anapewa usiku mmoja, kijiji kilichomo katika sherehe, mgeni asiyejulikana na milango mingi ya kubisha. Kila mwenyeji ana sababu yake ya kukubali au kukataa, na mchezo humkumbusha mchezaji baadaye maneno aliyoyatamka mapema. Mazungumzo yameandikwa vizuri. Kasoro ni kwamba sehemu ya katikati inarudiarudia, na mchezaji hulazimika kutembea sana bila jambo jipya.” Hapa msomaji ameelezwa umbo, ubora na udhaifu, naye bado ana usiku wake mzima mbele yake.

Maonyo ni wajibu, si ufichuzi

Lipo jambo moja ambalo halipaswi kunyamaziwa kwa kisingizio cha kulinda siri, nalo ni maudhui yanayoweza kumdhuru mchezaji. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Nchini (KFCB) hutumia madaraja ya umri, kuanzia kazi za watu wote hadi zile za watu waliotimiza miaka 18, ili mzazi ajue anachomwekea mtoto. Mhakiki wa michezo anapaswa kuwa na moyo huo huo. Mchezo ukiwa na onyesho la kujiua, ubakaji au mateso ya watoto, msomaji aambiwe waziwazi.

Namna ya kusema ndiyo hekima. Inatosha kuandika: “Mchezo huu una onyesho la kujiua, na haumfai mtoto.” Si lazima kutaja ni nani, ni lini wala ni kwa nini. Mzazi wa Rongo aliyemnunulia mwanawe mchezo hataridhika akiambiwa kwamba mhakiki alinyamaza ili asiharibu taharuki.

Mwisho unapokuwa ndio kasoro

Swali gumu zaidi huzuka pale udhaifu wa mchezo unapokuwa katika hitimisho lake. Mass Effect 3 ulipotolewa mwezi Machi 2012, wachezaji wengi walilalamikia mwisho wake kiasi kwamba kampuni ya BioWare ilitoa nyongeza ya kuufafanua mwezi Juni mwaka huo huo. Je, mhakiki angeonya vipi bila kufichua?

Jibu ni kuhukumu ufundi bila kutaja tukio. Anaweza kusema kwamba mchezo uliahidi kuyapa uzito maamuzi ya mchezaji na kwamba, kwa maoni yake, dakika za mwisho hazikuitimiza ahadi hiyo. Msomaji amepata onyo kamili. Hajaambiwa nani alisimama wapi wala alifanya nini. Kunyamaza kabisa juu ya kasoro kubwa namna hiyo kungekuwa kumhini mnunuzi.

Masharti ya kampuni

Siri nyingine hazilindwi kwa ajili ya msomaji bali kwa ajili ya biashara. Kampuni humpa mhakiki nakala ya mchezo kabla haujaingia sokoni, kwa sharti kwamba asichapishe kabla ya siku fulani, na wakati mwingine kwamba asitaje mambo fulani. Tahakiki za The Last of Us Part II zilichapishwa mwezi Juni 2020 chini ya masharti makali ya aina hiyo, wiki chache baada ya sehemu za mchezo huo kuvuja mwezi Aprili. Baadhi ya wahakiki walieleza kwamba masharti hayo yaliwabana wasiweze kujadili mambo ya msingi.

Sharti la tarehe halina ubaya, kwa kuwa humpa kila mhakiki muda sawa. Sharti la kunyamazia yaliyomo linahitaji tahadhari. Kanuni za uanahabari zilizoambatishwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka wa 2013 zilisisitiza usahihi na uhuru wa mwandishi, na misingi hiyo inamhusu mhakiki kama inavyomhusu ripota wa siasa. Akikubali masharti, awaarifu wasomaji kwamba nakala alipewa na kwamba kuna mambo hakuruhusiwa kuyataja. Na endapo sharti linamlazimu kuficha kasoro, ni afadhali arudishe nakala, asubiri na kuununua mchezo kama watu wengine.

Kichwa cha habari na picha

Mara nyingi mhakiki hujichunga katika aya zote, kisha ufichuzi ukatokea katika dawati la uhariri. Kichwa cha habari husomwa hata na asiyeifungua makala. Picha huonekana kabla ya neno lolote kusomwa. Msomaji anaweza kuiruka aya yenye onyo, lakini hawezi kuliondoa machoni jina la mhusika aliyekufa likiwa limekolezwa wino juu ya ukurasa.

Kwa hiyo, kichwa kisitaje tukio lolote la baada ya saa za mwanzo za mchezo. Picha zichukuliwe katika sehemu hizo hizo za mwanzo. Maelezo ya picha yasomwe na mtu ambaye hajaucheza mchezo, kwa kuwa yeye ndiye atakayegundua kilichovuja. Nayo makala ikihitaji kujadili mwisho, onyo litangulie mjadala huo, lisiufuate.

Muda na mahali

Je, siri huisha muda? Wapo wanaosema kwamba mchezo wa miaka 20 iliyopita hauna siri tena. Dai hilo lina ukweli kiasi, ila husahau kwamba kila mwaka wapo wanaoucheza kwa mara ya kwanza. Final Fantasy VII, wa mwaka wa 1997, una tukio moja mashuhuri mno katika historia ya michezo ya video. Mchezo huo ulianza kutolewa upya mwaka wa 2020, na kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa mwaka wa 1997 kikakutana na hadithi hiyo. Makala haya hayapungukiwi na chochote kwa kutolitaja tukio lenyewe.

Mahali nako kuna uzito kama muda. Huko Gwassi, upande wa kusini wa Kaunti ya Homa Bay, kila mtoto humjua Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini aliyemvua mwanamke kutoka ziwani, na boma lake likajaa ng'ombe. Yaliyomfika baadaye si siri kwa mwenyeji. Lakini gazeti la taifa husomwa pia Lamu, Lodwar na Mandera, na huko yupo msomaji ambaye hajawahi kulisikia jina hilo. Mhakiki wa mchezo uliotungwa juu ya ngano hiyo asipime siri kwa kipimo cha jirani yake. Ampime msomaji wa mbali zaidi.

Hatimaye, ni vyema kuitofautisha kazi ya mhakiki wa gazeti na ile ya mchambuzi. Mwongozo wa riwaya teule hueleza hadithi yote hadi mwisho kwa kuwa mwanafunzi anayeutumia anajiandaa kwa mtihani, na kazi yenyewe ameisoma au anapaswa kuisoma. Mchambuzi wa michezo naye ana haki hiyo, kwa sharti kwamba aitangaze mwanzoni. Fasihi ya michezo ya video nchini haitakua kwa tahakiki za kununulia pekee. Inahitaji pia mijadala ya kina kuhusu miisho, maana na maadili. Kinachotakiwa ni kwamba mijadala hiyo iwekwe mahali pake, na msomaji aingie akijua anakoingia.